Usimpelekee mama kiatu kilichokuchosha

Kila Desemba inapokaribia, kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi hufurika abiria wanaorudi nyumbani Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi. Ukitazama mizigo inayopandishwa juu ya mabasi utaona unga, sukari, mafuta ya kupikia, mablanketi na, mara nyingi, gunia dogo lililojaa viatu. Viatu hivyo si vipya. Ni vile ambavyo mwenyewe amevivaa miaka miwili au mitatu, vimelika kisigino, vimeanza kumbana au vimepitwa na wakati, naye akasema moyoni, "Hivi nitampelekea mama."

Nia hiyo ni njema na siikejeli. Mwana aliyekumbuka waliomlea anastahili sifa. Lakini mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa mifupa wala wa kisukari, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimewatibu watu wa pande hizo za Kitui na Makueni. Nimeona yaliyomo ndani ya gunia hilo yakinifikia chumbani mwangu yakiwa yamevaliwa. Ndiyo sababu leo naomba tuzungumze, wewe uliye mjini nami niliye huku.

Siku moja alinijia mama wa umri wa miaka sitini na kitu kutoka upande wa Kitui. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka kadhaa na alikuja kuchukua dawa zake za kila mwezi. Aliingia akitembea vizuri, wala hakuchechemea. Nilipomwomba avue viatu nimtazame miguu, alishangaa.

"Daktari, mwanangu, mimi miguu hainiumi," akaniambia.

"Najua, mwaitu," nikamjibu, "lakini nivumilie."

Alivua viatu vyeusi vya ngozi, vizuri kwa macho, alivyoletewa na binti yake kutoka Nairobi. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandamana na wayo. Nilipotia mkono ndani ya kiatu nilikutana na ncha ya msumari. Binti alikuwa amekipeleka kiatu kwa fundi kibadilishwe kisigino kabla ya kumletea mama, na kwa kadiri soli ilivyozidi kulika, msumari mmoja ukajitokeza upande wa ndani. Mama alikuwa ameukanyaga kwa siku asizoweza kuzihesabu, kanisani na sokoni, bila kuhisi chochote. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Mwishowe alikatwa kidole kimoja, na tulishukuru kwamba kilikuwa kimoja tu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa wa kisukari hukilalia kitanda hicho, kunguni wakamng'ata usiku kucha, naye asijue. Hapo ndipo penye hatari.

Kiatu hukumbuka mwenyewe

Watu wengi hudhani kiatu ni kama sufuria, kwamba kikimtoka huyu kinamfaa yule maadamu nambari ni moja. Sivyo. Mguu wa binadamu una mifupa 26 iliyounganishwa kwa viungo, kano na misuli mingi, na kila mtu hukanyaga kwa namna yake. Kuna anayelalia ukingo wa nje wa wayo na kuna anayelalia wa ndani. Kuna mwenye wayo bapa na kuna mwenye wayo uliopinda kama upinde. Kiatu kikivaliwa miezi kadhaa hujifinyanga kulingana na mwenyewe. Soli hulika pale anapokanyaga kwa nguvu, ngozi hutanuka penye mfupa wake, na shimo la kidole gumba chake huchimbika ndani.

Sasa mpe mtu mwingine kiatu hicho. Yeye atakanyaga juu ya mashimo na vilima vya mguu usio wake. Kisigino kilicholika upande mmoja kitamlaza upande huo kila hatua, na maumivu hayataishia kwenye wayo. Yatapanda hadi kwenye kifundo, goti, nyonga na kiuno. Bandu bandu huisha gogo. Hatua moja haidhuru, lakini mama wa Mutomo au Kyuso anayetembea hadi mtoni, akachimba mchanga ili apate maji, kisha akapanda ukingo na mtungi mgongoni, hahesabu hatua zake kwa mamia.

Katika nchi za baridi, watu wanaoteleza juu ya theluji huvaa mabuti ya plastiki ngumu yenye povu nene ndani. Mabuti hayo yakizeeka, povu hukandamizika na mguu huanza kucheza. Mvaaji hukaza vifungo zaidi ili autulize, na mguu hufa ganzi au huota sugu na malengelenge. Mafundi wa huko wanajua vizuri kwamba buti lililozoea mguu mmoja ni taabu kwa mguu mwingine. Povu la ndani la baadhi ya mabuti hupashwa hata moto ili lichukue umbo la mguu wa mwenyewe. Ikiwa mtu anayeteleza kwa saa chache kwa kujifurahisha hujihangaisha hivyo, seuze mzazi wako anayevaa kiatu kimoja kutoka asubuhi hadi jua kutua.

Jambo la pili ni kwamba kiatu huzeeka hata kikiwa kabatini. Soli za viatu vingi vya kisasa hutengenezwa kwa povu la plastiki liitwalo poliyurethani. Unyevu ulio hewani hulivunja povu hilo polepole, ndiyo sababu buti lililohifadhiwa vizuri kwa miaka linaweza kupukutika kama mkate mkavu siku ya kwanza linapovaliwa. Gundi nayo hukauka. Kiatu kinaweza kuonekana kipya juu na kumbe chini kimekwisha kufa.

Jambo la tatu ni mguu wenyewe. Umri ukisonga, kano hulegea, wayo hupanuka na hata kurefuka kidogo. Mama aliyezaa watoto kadhaa aghalabu havai tena nambari aliyovaa usichanani. Kwa hiyo ukisema, "Mama huvaa nambari tano, namjua," huenda unamzungumzia mama wa miaka ishirini iliyopita.

Maumivu yanayosingiziwa uzee

Mgonjwa mwenye maumivu ya mguu huja na jina la ugonjwa tayari mdomoni. Huyu atasema ni baridi yabisi, yule atasema ni uzee, na mwingine atanong'ona kwamba alikanyaga kitu alichotegewa njiani. Karibu wote wamekwisha kupitia duka la dawa na kumeza vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni kwa majuma. Dawa hizo zina kazi yake, lakini zikimezwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kuchubua tumbo hadi litoke damu, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Mtu mwenye kisukari na shinikizo la damu ndiye anayepaswa kuziogopa zaidi, na ndiye ninayemkuta akizimeza zaidi.

Mimi nimejizoeza kuuliza swali moja kabla ya yote: viatu unavyovaa kila siku viko wapi? Nikivigeuza na kutazama soli, mara nyingi nusu ya jibu ninaipata hapo.

Mtu akiniambia kwamba hatua ya kwanza asubuhi anapotoka kitandani humchoma kisigino kama kisu, kisha maumivu hupungua akitembea, aghalabu huwa ni ile kano pana inayoshikilia wayo kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Imevutika kupita kiasi. Kiatu kilichokwisha soli, kisichoshikilia wayo, huizidishia taabu. Tiba yake kubwa ni kiatu chenye kisigino imara na soli yenye unene, na mazoezi ya kunyoosha shavu la mguu mara kadhaa kwa siku: simama ukiegemea ukuta kwa mikono, mguu unaouma uwe nyuma, kisigino kikiwa chini, uhesabu hadi thelathini. Wengi hupona ndani ya mwaka, ingawa huhitaji subira.

Mwingine husema sehemu ya mbele ya wayo inawaka moto, hasa kati ya kidole cha tatu na cha nne, na akivua kiatu anapata nafuu. Huyo neva yake inabanwa na kiatu chembamba. Mwingine mfupa umetokeza ubavuni mwa kidole gumba, na kiatu kinausugua hadi ngozi iwe nyekundu. Mwingine ukucha umezama nyamani kwa sababu kiatu kimesukuma kidole, naye akakata kucha kwa mviringo badala ya kuzikata moja kwa moja. Mwingine ameota sugu juu ya vidole kwa sababu kiatu ni kifupi na vidole vimejikunja ndani. Mwingine amepata fangasi kati ya vidole kutoka kwa kiatu kilichokuwa na unyevu wa mtu mwingine. Hawa wote wanaweza kumeza vidonge hadi kiama, na wasipobadilisha kiatu hawatapona.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka vibaya. Si kila maumivu ya mguu yanatokana na kiatu. Kidole gumba kinachovimba ghafla usiku, kikawa chekundu na chenye moto, kinaweza kuwa jongo. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Miguu yote miwili ikivimba, tazama moyo, figo na ini. Ninachosema ni kwamba kiatu kitazamwe mapema, kwa sababu kukitazama hakugharimu hata senti.

Miguu isiyosema

Turudi kwa yule mama wa msumari. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu neva ndefu, na zilizo ndefu kuliko zote ni zile zinazofika vidole vya miguu. Mwanzo mtu huhisi kuwashwa au kuchomwachomwa usiku. Baadaye huacha kuhisi. Hapo hufurahi na kusema amepona, kumbe mlinzi amelala. Mishipa ya damu nayo huwa imesinyaa, hivyo kidonda kidogo hakipati damu ya kutosha ili kipone.

Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka wa 1946, aliliona jambo hili kwa wagonjwa wa ukoma. Watu wa wakati huo waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Yeye na wenzake walionyesha kwamba kilichoharibu viungo hivyo kwa kiasi kikubwa ni majeraha ya kila siku kwenye mwili usiohisi, na wakashughulika kuwatengenezea wagonjwa viatu vyenye soli laini. Somo hilo sasa tunalitumia kwa kisukari. Maumivu, mpenzi msomaji, ni mlinzi. Akiondoka, inabidi macho na mikono yafanye kazi yake.

Kuna kipimo rahisi kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, ambacho wewe mwenyewe unaweza kumfanyia mzazi wako nyumbani. Mwambie alale au akae, afumbe macho, na akuambie kulia au kushoto kila anapohisi ameguswa. Kisha gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu kama unyoya, kwa sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole cha mwisho cha mguu huo huo, kidole gumba cha kushoto, kidole cha mwisho cha kushoto, halafu kidole cha katikati cha kulia na cha katikati cha kushoto. Usibonyeze, usipapase, wala usirudie mahali asipojibu. Asipohisi mahali pawili au zaidi kati ya hapo sita, basi miguu yake imepoteza hisia, na anahitaji kuonwa na daktari. Mtu kama huyo usimpe kiatu cha mtu mwingine hata kwa dakika moja.

Yako mengine ya kumfundisha. Atazame nyayo zake kila siku, na kama hawezi kujiinamia, mjukuu amtazamie. Atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, apapase kama kuna kijiwe, mwiba, msumari au mshono uliokunjamana. Aoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, akauke vizuri kati ya vidole, apake mafuta kwenye visigino lakini si kati ya vidole. Sugu isikatwe kwa wembe. Na asubuhi za baridi za Julai katika vilima vya Mbooni na Kilungu, asiote moto kwa nyayo, maana nimeona wazee walioungua wakaona malengelenge ndipo wakajua. Kidonda chochote, hata kidogo, kipelekwe zahanati siku hiyo. Kikivimba, kikitoa usaha au harufu, au ngozi ikigeuka nyeusi, hiyo ni dharura.

Mzazi hakatai zawadi

Najua utaniuliza: kama kiatu kinamuumiza, mbona hasemi? Nami nilijiuliza hivyo hivyo, tena nyumbani kwetu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu anayeishi katika vilima vya Mbooni. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nampelekea viatu vyangu vya ngozi nilivyovichoka. Vilikuwa vya bei, na niliona ninamheshimu. Alipolalamika goti nilimpa dawa ya goti. Alipoacha kwenda kanisani kwa miguu nilisema ni umri. Siku moja nilimkuta ameketi chini ya mwembe, kiatu kikiwa mapajani, anakitoboa ubavuni kwa wembe ili mfupa wa kidole gumba upate pa kutokea. Nilipomuuliza, alicheka akasema kiatu ni kizuri, ila kina ukaidi kidogo.

Nilivigeuza viatu vyote nilivyompa. Kila kimoja kilikuwa kimelika upande wa nje wa kisigino, kama ninavyokanyaga mimi. Baba hukanyaga upande wa ndani. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimempindisha goti kwa mkono wangu mwenyewe, nami ni daktari niliyesomea kazi hii. Nilimnunulia kiatu kipya cha turubai chenye soli nene na uwazi wa kutosha mbele. Hakikuwa cha bei wala hakikung'aa, lakini baada ya miezi michache alikuwa akipanda kilima kwenda kanisani.

Hakuwa amenyamaza kwa kutojua. Alinyamaza kwa sababu kiatu kilikuwa changu. Mzazi wa kijijini atakivaa kiatu chako hata kimchune ngozi, kwa maana anapoulizwa na majirani hujibu kwa fahari kwamba kimeletwa na mwanawe kutoka Nairobi. Kumwambia kinamuuma anaona ni kukurudishia mapenzi yako usoni. Kwa hiyo usingoje alalamike. Mtazame.

Mitumba si adui

Sipigi vita mitumba. Nilipokuwa chuoni nilivaa viatu vya Gikomba kama wenzangu, na familia nyingi zisingemvisha mtoto kiatu cha shule bila soko la mitumba la Kalundu au Wote. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa polepole nguo na viatu vya mitumba, na mwaka uliofuata Kenya ikajitoa katika mpango huo baada ya wafanyabiashara wa Marekani kulalamika. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, uingizaji ulisimamishwa kwa miezi kadhaa. Katika mijadala yote hiyo nilisikia habari za ushuru, viwanda na ajira. Sikumbuki kusikia habari za miguu.

Wala sisemi watu watembee pekupeku. Ardhi ya Kitui na Makueni ina miiba ya migunga, ina nge, ina nyoka. Kiatu huko ni ngao. Hata akala za tairi zinazoshonwa sokoni si mbaya kwa mtu mwenye hisia kamili miguuni, kwa kuwa zina uwazi na hupimwa mguuni pake, mradi gidamu zisimkate. Kwa mgonjwa wa kisukari asiyehisi, hapana: mikanda yake ni migumu na vidole viko nje.

Kiatu cha mitumba kinaweza kuwa kizuri kama kimetumika kidogo na kinamtosha anayekivaa. Kiweke mezani ukitazame kutoka nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kiache. Kikunje. Kikikunjika katikati kama kitambaa badala ya kukunjika penye vidole, kimekwisha. Bonyeza soli kwa kucha. Ikimeguka, usikinunue. Tia mkono ndani hadi mwisho. Tena usidanganywe na nambari. Kiatu cha mwanamke chenye nambari 8 ya Marekani ni takriban 6 kwa kipimo cha Uingereza tulichokizoea Kenya, na takriban 39 kwa kile cha bara la Ulaya.

Lakini njia bora kuliko zote ni karatasi. Ukienda nyumbani, jioni wakati miguu imejaa, mwambie mama asimame wima juu ya karatasi ngumu, uuchore kila mguu kwa kalamu iliyosimama. Hujapata nafasi ya kwenda? Mpigie mpwa wako simu, achore, aikabidhi kwa dereva wa matatu. Ikate karatasi hiyo, uende nayo sokoni au dukani, uitie ndani ya kiatu. Ikilala kwa utulivu na ikabaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kiatu hicho kinafaa. Fuata mguu ulio mkubwa zaidi, maana aghalabu haulingani na mwenzake. Karatasi ikikunjika ndani ya kiatu, mguu wake nao utakunjika vivyo hivyo.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenzangu wa tiba. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na shinikizo la damu. Hao ndio wanaoingia nyumbani kwa mama zetu. Wafundishwe kipimo cha vidole sita, na waseme, "Mama, nionyeshe viatu vyako," kama wanavyosema, "Nyoosha mkono nikupime." Nasi madaktari tuache aibu ya kuinama. Mgonjwa wa kisukari asitoke chumbani bila kuvua soksi.

Mpenzi msomaji, gunia lako la Desemba liendelee kuwa na sukari kiasi, unga na blanketi. Lile la viatu lifungue kwanza. Vile vilivyolika, mpe fundi avitumie viraka au uvitupe. Kisha ukifika, kabla hujaketi kula, chuchumaa mbele ya mama, umvue viatu, ushike nyayo zake mikononi mwako na uzitazame vizuri. Atakuuliza una nini leo. Mwambie unachukua kipimo.